Kwa Nini Mtoto Hatoki Sawasawa na Mzazi Wake

Mwanamvua, mrudishe mtoto kwa mama yake, kisha ukae. Kaeni wote. Tumekuja siku ya saba kumpa mtoto jina, nyinyi mnamhesabu vidole kama mnanunua ndizi! Wewe Mwanamvua, shangazi yake Mbwana, unasema, "Kwetu hakuna vidole sita, huyu si wa ukoo huu." Na wewe Mbwana, baba mtu, umeinamisha kichwa tu, na mkeo Sikudhani keshafunga mzigo arudi kwao. Basi hatoki mtu humu mpaka mimi bibi yenu niseme.

Kulikuwa na wakati watoto wote walitoka sawasawa na mama zao. Hapakuwa na mtu wakati huo, wala mbuzi, wala jani. Palikuwa na tope la moto tu, linatokota kama uji, na ndani yake vikamba vidogo, vidogo hata chembe ya unga ni mlima kwao. Kila kikamba kilikuwa na mafundo yake. Kilijilaza topeni, kila fundo likavuta la kufanana nalo, mpaka ubavuni kinakuwepo kingine vilevile. Ndiyo kuzaa kwao huko.

Sasa vile vikamba vilikuwa na desturi mbaya, mbaya kama yenu. Mtoto akizaliwa, wakubwa wanamlaza kando ya mama yake wanampima, fundo kwa fundo. Akizidi au akipungua, wanamsukuma ukingoni, kwenye tope baridi, asizae. Wakijisifu, "Sisi damu yetu safi." Damu gani? Hata damu ilikuwa haijakuwapo!

Siku moja akazaliwa mtoto ana fundo moja zaidi. Wakubwa wakasema, "Huyu wa nani? Mtupeni." Mama yake akawauliza, "Nimemtoa ubavuni mwangu mbele yenu, mnaniuliza wa nani?" Wakamsukuma mtoto. Mama kwa hasira akamfuata hukohuko.

Basi moto wa chini ukapanda, tope likachemka kama ambavyo halijawahi kuchemka. Wale wote walikuwa na mafundo yaleyale, kwa hiyo alipofunguka mmoja, wote wakafunguka. Hakubaki hata wa kumlilia mwenzake. Hata yule mama alifunguka, maana naye alikuwa kama wao. Ila mtoto, lile fundo lililozidi lilimkaza, akashika. Kulipopoa akajilaza, akazaa, na wanawe wengine wakatoka na fundo pungufu, wengine zaidi, na wapimaji hakuna tena. Wakawa ukoka, wakawa vyura, wakawa ng'ombe, wakawa Mwanamvua huyu aliyenuna.

Mnacheka? Mjukuu wangu Nuru, anayefundisha chuo, alinionyesha kwenye kompyuta. Alitia vidoti humo, akaviamrisha vijizae. Mara ya kwanza aliviwekea sharti visikosee hata kidogo. Vikajaa kioo kizima, vyote sura moja. Akaongeza joto, kioo kikawa cheusi tii. Mara ya pili akaviachia vikosee kidogo, si sana, maana vikikosea sana vinaharibika. Joto lilelile. Vingi vikafa, vichache vikabaki, vikajaza kioo upya. Akaniambia, "Bibi, hakuna aliyekuwepo kuona. Tunaigiza tu, huenda ndivyo ilivyokuwa." Nikamwambia, njooni muigizie nyumbani kwetu, hao wapimaji mimi nawajua, wengine nimewazaa mwenyewe.

Kuanzia tope lile lilipochemka mpaka leo, hakuna mtoto anayetoka sawasawa na mzazi wake. Pua ataichukua, sikio ataliacha, kidole atakiongeza. Hiyo si aibu ya mama, ndiyo sababu tupo. Na Sikudhani akivuka mlango huo na mtoto asiye na jina, Mbwana, usiniite bibi tena, na nikifa usishike jeneza langu.

Unanyanyuka, Mbwana? Nawe kumbe una miguu. Nawa mikono kwanza. Sikudhani, mwanangu, teremsha huo mzigo, mpe mtoto baba yake. Siyo hivyo Mbwana, mshike shingo, si mfuko wa saruji huo! Haya. Mtajie jina lake, kwa sauti, shangazi yako asikie.