Kwete Iliyolala Gerejini

Eyotaru wa Pajulu alikuwa mwanamke ambaye moyo wake haukujua kukaa kitako. Mtoto akikohoa, yeye aliona kaburi; wingu likipita, yeye alikuwa amekwisha anua kimea. Basi wageni wa posa ya binti yake Peace walipoomba kuahirisha safari, usingizi ulimhama kabisa. Wakwe hao wa Koboko walikuwa wafike Jumamosi, lakini mzee wao Amandu, baba mkubwa wa kijana aliyeposa, alishikwa na malaria. Waliomba wiki mbili.

Wiki mbili kwa mtu ni kufumba na kufumbua. Kwa kwete ni umri mzima. Pombe hiyo ya mahindi na kimea huwa tamu siku ya tatu, na kufikia siku ya sita ni siki. Eyotaru alikuwa amekwisha ipika. Kupika nyingine hakukuwezekana, maana mvua ilinyesha kila siku na kimea alichoanika kiliota ukungu. Na mzee Amandu, askari mstaafu, alikuwa ametuma maneno mapema: yeye huonja kwanza kwete ya mama, ndipo ajue kama binti amelelewa.

"Dada, unalia nini na mimi niko?" alisema Lino, mdogo wake, fundi wa magari mjini Arua. "Friji yangu iko kubwa kama kabati la askofu."

Kweli, katika gereji yake kulikuwa na friji kuukuu, na kegi mbili, yale mapipa ya chuma ya bia, alizonunua baa moja ilipofungwa. Wakazijaza kwete ingali tamu, wakazisukumia ndani ya baridi.

"Haifi humo," Lino akasema. "Inalala tu, kama chura wa kiangazi."

Kila baada ya siku mbili Eyotaru alipanda boda hadi gerejini, akaweka kiganja juu ya mlango wa friji kama anayepima homa ya mtoto. Mafundi walimcheka.

"Mama Peace, mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado anasikia baridi," alijibu, naye akacheka.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, walionja. Kwete haikuwa chachu, lakini ilikuwa imepoa na kuzubaa, haina povu wala ukali. Binti yake angepimwa kwa kinywaji hiki.

"Iko kama maji ya kuoshea chungu," alinong'ona.

"Hiyo ni kazi ndogo," Lino akasema. "Tunatia sukari, tunatia hamira, tunafunga kwa boliti, tunaweka kwenye jua. Jioni itaruka yenyewe."

"Lino, mtu aliyelala haamshwi kwa kuzibwa pua. Pombe ikiamka inapumua. Iache itoke baridi taratibu, uipe kimea kidogo, uifunike kwa kitambaa. Kesho mchana itaamka."

"Kesho mchana wageni watakuwa mlangoni. Wewe, dada, unaibembeleza. Mimi naisukuma."

Hawakupatana, ikabidi kila mmoja achukue kegi yake. Eyotaru aliimimina ya kwake chunguni. Kimea kidogo kilichoepuka ukungu juu ya meko alikisaga, akakikoroga katika uji wa vuguvugu, akautia humo na kufunika kwa kitambaa. Lino alitia kilo mbili za sukari na hamira, akaziba mdomo wa kegi kwa mpira wa tairi na bamba la chuma, akakaza boliti hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Jumamosi wageni walifika saa sita. Mzee Amandu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake. Eyotaru alifunua kitambaa: mapovu machache tu, kama tongo za macho ya mtu anayeanza kuamka.

"Nipeni saa moja, baba," aliomba kwa heshima.

"Saa moja ya nini?" Lino akadakia, akiikokota kegi yake hadi barazani. "Afande ametoka Koboko na kiu. Kiu haipangi foleni."

Akafungua bomba la kegi. Hakikutoka kitu. Makapi ya kimea yalikuwa yameziba bomba, lakini Lino hakufikiri hilo. "Bado iko lala," akasema, akachomoa spana, akaanza kulegeza boliti.

Wakati huo Peace alikuwa ameinama kando ya kegi, akipanga vibuyu. Eyotaru alimwona. Alimvuta binti yake kwa kiuno cha gauni, wote wawili wakaanguka chali.

Ukalia mlio kama wa tairi la lori kupasuka. Bamba lilipita karibu na sikio la Lino, likatoboa bati la baraza. Povu likafuata, likamwosha Lino toka utosini hadi kwenye kandambili. Vumbi na kwete vilipotulia, mzee Amandu alikuwa amelala kifudifudi, viwiko ardhini.

"Adui ni nani?" aliuliza kutoka chini.

"Ni pombe, baba," Peace akajibu.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Eyotaru pekee hakucheka kwanza. Alimshika binti yake kichwa, akamtazama jicho moja, kisha la pili. Shibiri moja tu, na siku ya posa ingekuwa siku ya hospitali. Alipoona yote mawili yanamtazama, naye akacheka mpaka machozi.

Lino alikwenda kisimani kuoga, akakuta foleni ya madumu. Huku nyuma chungu kilianza kunong'ona, povu likanyanyua kitambaa. Mzee Amandu alikunywa kibuyu cha kwanza akifumba macho. Cha pili alikunywa amesimama.

"Mama anayejua kungoja hivi," alisema, "binti yake ataweza hata mume mkorofi. Sisi tumekubali."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Hapo ndipo Lino alipotokea na shati la kuazima, ananyoosha kibuyu. Mzee Amandu alikuwa akifuta ukingo wa chungu kwa kidole.

"Dada, hata tone?"

"Yako iko juu ya mabati, mdogo wangu. Panda."

Watu walicheka, wakacheza hadi jua likashuka, na Lino akacheza nao, koo kavu kama kiberiti, maana mwenye pupa hadiriki kula tamu.