Sweta la Kompyuta

Hadithi hii imenifikia kupitia kundi la wanakwaya, na aliyeianzisha simjui. Isome mpaka mwisho kwanza. Kama una mama mkwe nyumbani, isome mara mbili ndipo umtumie.

Pale Morogoro aliishi dada mmoja, jina lake Leokadia, na mumewe Festo. Kazi ya Leokadia ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni inayouza taa za sola. Simu zenyewe alizipokea nyumbani, kupitia kompyuta ya mezani iliyokaa sebuleni. Alikuwa na sauti nzuri na uvumilivu wa kumsikiliza hata mteja anayetukana. Festo alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa sauti ya Leokadia.

Shida ilikuwa kompyuta. Feni yake ya kupoza prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ndogo, na kwa joto la Morogoro ilikimbia kutwa nzima ikinguruma. Wateja wakaanza kulalamika.

"Samahani, dada," mmoja alimuuliza, "hapo ulipo ni ofisini au kwenye mashine ya kusaga?"

Malalamiko yakamfikia bosi. Bosi hakuwa mtu mbaya, ila hakuzungusha maneno.

"Leokadia, kazi unaijua. Lakini hiyo ngurumo inatufukuzia wateja. Mwisho wa mwezi nitapiga mimi mwenyewe, nijifanye mteja. Nisipokusikia vizuri, nafasi yako nitampa mwingine."

Jumamosi mume na mke wakaenda dukani. Muuzaji akawatolea feni tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama ile ya zamani, ila mpya. Ya pili iliwaka taa za rangi zote, na Festo akaipenda papo hapo, si mnatujua wanaume. Ya tatu ilikuwa pana kama sahani ya wali, imebanwa kwenye mapezi marefu ya chuma ya kutolea joto, haina taa wala madoido, na muuzaji akasema ndiyo yenye utulivu kuliko zote.

"Eti hii ndiyo yenye utulivu?" Leokadia aliuliza. "Kubwa hivi? Si ndiyo itanguruma zaidi?"

"Hapana, dada. Ndogo inapiga kelele kwa sababu inabidi ikimbie. Hii inazunguka polepole na bado inatoa hewa nyingi. Ila iache ipumue. Ikikosa hewa, hata yenyewe italia."

"Na hii ya taa?" Festo hakukata tamaa.

"Hiyo ni ya kutazamwa, kaka. Dada anataka isiyosikika."

Wakachukua ile pana. Walichosahau kupima ni urefu. Nyumbani, feni ilipokwisha kufungwa, mapezi yakatokeza nje na mfuniko wa pembeni ukagoma kufunga. Festo alisukuma mpaka akaloa jasho. Mwisho akauegemeza mfuniko ukutani, akasema kompyuta itakaa hivyo hivyo, ubavu wazi.

Lakini kimya chake! Walipoiwasha, Leokadia alidhani haijawaka. Jumatatu akafanya kazi kutwa bila mteja hata mmoja kumwambia arudie alichosema. Jioni alikaa kwenye kiti akalia kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameogopa zaidi ya alivyomwonyesha mumewe.

Wiki ile ile akaja mgeni. Mama yake Festo, Bi Melania, aliteremka kutoka Njombe kuwatembelea. Mnaijua baridi ya Njombe. Kule mtu asiye na sweta zito si mtu wa pale. Bi Melania akaiona kompyuta imekaa ubavu wazi, matumbo nje, vumbi linaingia. Tena hakupenda kukaa bure kwenye nyumba ya mwanawe, kila kitu akisaidiwa kama mgonjwa. Akatoa sufu yake na sindano za kufumia, akaanza kazi.

Kabla wiki haijaisha, kompyuta ilivaa sweta. Sweta kamili la zambarau, zito, lina kola na vifungo ubavuni.

"Niliona vumbi linaitesa, mwanangu," Bi Melania alisema huku akimwangalia mkwewe kwa wasiwasi. "Sijui kama utalipenda."

Leokadia akashika mashavu kwa mikono miwili. "Mama! Sijapata kuona kitu kizuri hivi! Litakaa hapa hapa kila siku. Asante sana, Mama."

Ah, midomo yetu hii.

Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, feni ilikuwa inalia. Hewa ilikuwa haipiti, na ile feni pana ikakimbia kama ndogo. Leokadia alijua sababu tangu dakika ya kwanza. Hata hivyo kila asubuhi aliivisha kompyuta sweta kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya mama, akifunga vifungo huku anatabasamu. Kisha alivaa visikilizi vyake vya masikioni na kuanza kupaza sauti kwa wateja.

Festo akamvuta uani. "Mwambie mama."

"Mimi? Nimwambie mama mkwe kwamba kazi ya mikono yake inanifukuzisha kazi? Si atarudi Njombe akisema nimemsimanga?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Thubutu! Atajua nimekutuma."

Festo akanywea. Kwa mkewe hakuthubutu, na kwa mama yake pia hakuthubutu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Leokadia aliitambua sauti ya bosi wake, ingawa mwenyewe aliibana puani.

"Haloo, taa yangu haiwaki tangu juzi."

"Pole sana, kaka. Paneli uliianika juani?"

"Nini?"

"Nauliza, paneli uliiweka juani?"

"Dada, sikusikii. Kwani hapo kuna nini?"

Machozi yakamlengalenga. Mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha kwanza cha sweta. Akamtazama mama aliyekaa kwenye kochi, mkono ukarudi.

Bi Melania akainuka. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivuta lile sweta kama anayemvua mtoto aliyelowa jasho, akalitupa kochini. Kisha akaivua kanga ya mabegani, akaanza kuipepea kompyuta. Ngurumo ikashuka taratibu, ikawa mvumo, halafu ikatulia kabisa.

"Kaka, bado upo?" Leokadia aliuliza. "Nilikuwa nauliza kuhusu paneli."

"Nipo. Sasa nakusikia kama tumekaa meza moja."

Akamhudumia mpaka mwisho. Bosi akaachia pua yake na kucheka. "Ni mimi, Leokadia. Kazi ni yako. Endelea."

Leokadia akavua visikilizi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Nisamehe, Mama. Nilijua sweta ndilo linaiziba, nikashindwa kukwambia. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Inuka, mwanangu. Nisamehe mimi. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Asubuhi likivikwa, inalia. Jioni likivuliwa, inanyamaza. Nitashindwaje kuelewa?"

"Sasa Mama, mbona hukusema?"

"Ningeanzaje? Ulilisifia mpaka nikaona haya. Kila siku unalivisha wewe mwenyewe, unafunga vifungo kama unampeleka mtoto shule. Nikajisemea, mkwe wangu amelipenda. Nikilitoa atadhani nimemchukia."

Wakatazamana. Kumbe wote wawili walikuwa wanaitesa ile kompyuta kwa kuoneana huruma! Wakaangua kicheko mpaka Festo akaja mbio kutoka uani, akidhani kuna msiba.

Bi Melania akajifuta macho. "Haya, mficha uchi hazai. Kwa kuwa leo tunasema ukweli, hiyo chai yako, mwanangu. Tangawizi imezidi mno. Tangu nifike naimeza nimefumba macho."

Leokadia akaziba mdomo. "Mama, hata mimi siipendi tangawizi! Naiweka kwa ajili yako. Niliambiwa watu wa Njombe bila tangawizi hamnywi chai."

Funzo: Kumheshimu mtu si kumficha kinachokuumiza. Mwambie mapema na kwa upole, maana huenda naye anakivumilia kwa ajili yako.