Tundu Kwenye Kapeti ya Gari

Kukimbia si kazi, kazi ni kusimama. Mnausema msemo huu mkitaniana, wajukuu zangu, na leo mmeniuliza umetoka wapi. Ulitoka kwenye tundu la kapeti ya gari. Sikilizeni.

Alfajiri moja huko Uyole, majogoo bado wamelala, Atupele aliamshwa na kijiko kikigonga kikombe: ting, ting, ting. Hakuwa na haja ya kufumbua macho. Mumewe, Ambakisye, alikuwa jikoni akikoroga chai iliyokwisha kupoa, simu mkononi, anatafuta turbo kubwa zaidi ya kuipa nguvu injini ya gari lao.

Gari lilikuwa na turbo tayari, na mlimani malori yalibaki nyuma kama mawe. Lakini akiba yao ilitosha kuongeza kifaa kimoja, na kwa wiki sita nyumba ile haikuzungumza jingine. Jumatatu turbo kubwa. Jumatano bomba pana la moshi. Ijumaa kipoza hewa ya injini. Jumapili wakitoka kanisani, turbo tena.

"Mama Lusajo, wewe ungechagua nini?"

"Ningechagua kulala, Baba Lusajo."

Kila Jumamosi walishuka Tukuyu kumwona mama yake Ambakisye, aliyeishi peke yake na miguu haimbebi tena. Barabara ile ina mteremko na kona nyingi. Atupele akisema "punguza," mumewe hujibu, "Breki zipo, mama." Jumamosi iliyotangulia alfajiri ile, kwenye kona moja, gari lilikataa kutulia mpaka likaparua majani ya migomba. Atupele alifika, akampikia mkwewe, akamkata kucha, akacheka naye. Lakini moyoni alikwisha kuapa kwamba gari lile hapandi tena. Na asiposhuka yeye, nani atamwogesha yule mama?

Asubuhi ile akavutwa hadi gereji ili naye achague. Rafiki wawili wa Ambakisye walikuwa wameshafika, wanabishana.

"Turbo!"

"Bomba kwanza, wewe hujui kitu!"

Fundi Lugano alipangusa kigoda kwa mkono wa shati lake, akamkaribisha Atupele. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kugusa gari lolote, akatoa kapeti kuzikung'uta. Ya dereva ilikuwa kama mpya. Ya abiria ina tundu kubwa mbele, jicho la fundi likaonekana upande wa pili.

"Hapa anakaa nani?"

"Mke wangu. Fundi, sisi tumekuja kwa turbo."

"Shemeji ana kisigino cha jembe!" rafiki mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Lugano hakucheka. "Shemeji, mbona upande huu hakuna pedeli?"

"Najua hakuna!" Atupele akasimama. "Naikanyaga hivyo hivyo, kila kona. Miaka miwili nafunga breki peke yangu, na mwenzangu ananiamsha kuniuliza turbo ipi! Tukuyu sishuki tena. Mama akiuliza, mwambieni sababu."

Ambakisye akaingiza kidole kwenye lile tundu. "Hukuniambia."

"Nimekuambia kila kona. Wewe ulikuwa unaisikiliza injini."

Lugano akafungua gurudumu la mbele. Pedi za breki zilikuwa nyembamba kama ganda la karanga. Akamwonyesha Ambakisye, taratibu, bila kumwaibisha.

"Kukimbia si kazi, bwana. Kazi ni kusimama."

Akiba yote ikaingia kwenye breki na matairi. Rafiki waliguna, wakaondoka.

Jumamosi Atupele alipanda, kwa shingo upande. Kwenye kona ya migomba mguu wake ukainuka wenyewe. Gari lilikuwa limeshapunguza mwendo. Mguu ukabaki hewani, hauna la kufanya, naye akaushusha polepole, akamtazama mumewe.

Kule Tukuyu, mama mkwe alisimuliwa yote na mwanawe mwenyewe. Alicheka hadi machozi, kisha akamvuta Atupele karibu, maana alielewa alivyokaribia kumpoteza.

"Kukimbia si kazi, kazi ni kusimama," akasema, akiushika mkono wa Atupele wakati wa kuagana. "Na wewe, mwanangu, Jumamosi uje tena."