Mbegu Isiyo na Jina

Asubuhi ya kupokea mbegu, penye ghala la Mlangazi, walikuwapo hawa: Elieza Mhembano, mlinzi wa ghala, Yohana Sagala, mkulima wa bondeni, Damari binti Nyamoga, mjane, mkulima wa kilimani, na Zefania Chilongani, ambaye alikuwa na mtama mpya.

Zefania aliuchagua mtama ule kwa misimu saba, punje kwa punje, akapata mbegu isiyodhuriwa na kiduha, lile gugu linyonyalo mizizi, lililokuwa likiwatia watu njaa. Lakini Mlangazi palikuwa na desturi. Mbegu mpya haikugawiwa watu mpaka wakulima wawili waipande na kuipima, nao hawakuambiwa ni ya nani maadamu mwenyewe yu hai, wala mwenyewe hakuambiwa wapimaji ni nani. Isije ikapendwa au kuchukiwa kwa ajili ya mwenyewe. Elieza akautwaa mfuko wa Zefania, akaondoa jina.

Msimu ukapita, Elieza akaleta majibu. Mpimaji wa kwanza alisema bua ni refu mno, upepo utaliangusha. Wa pili alisema bua ni fupi mno, ng'ombe watakula nini? Juu ya kiduha hakuna aliyesema neno.

"Sasa nimfuate yupi, mzee mwenzangu?" Zefania akauliza.

"Wafuate wote wawili, kisha ulete tena."

"Bua lirefuke na lifupike? Hata mbuzi atacheka."

"Mbuzi si mpimaji," alisema Elieza.

Zefania akarudi shambani akili imemvurugika. Yohana akimsalimia, alijiuliza: ni huyu? Damari akimpa maji, alijiuliza: au ni huyu? Akapanda mabua marefu, akapanda mafupi, hata mwisho hakujua mtama wake ni upi.

Ndipo Elieza akamletea mfuko usio na jina, akamwambia, "Sasa wewe ndiwe mpimaji." Zefania alikuwa na kazi yake. Hakuipanda ile mbegu. Alipodaiwa jibu, alitia punje kiganjani, akazitazama, akasema, "Ni ndogo mno. Arudie." Hakuona vibaya, kwani ndivyo alivyojibiwa yeye. Tena mpimaji aliyefichwa jina, ni nani atakayemlaumu?

Punje zile akazimwaga nyuma ya jiko, ili kuku wazile. Kuku hawakuzimaliza. Mvua iliponyesha zikaota, zikazaa mtama wa bua la kadiri, na kando yake kiduha hakikuonekana hata kimoja. Zefania akauzunguka mara tatu, asijue kama afurahi au aone haya. Mtu mwingine alikuwa ameyaona aliyoyaona yeye, tena kwa uzuri zaidi.

Akaenda mbio ghalani. "Ile mbegu ya punje ndogo ni njema, Elieza. Nilikosea. Mwambie mwenyewe ailete watu wapande."

Elieza akafungua daftari, akasoma jina ambalo desturi haikumkataza tena kulitaja. Mwenyewe alikuwa Damari binti Nyamoga. Alikufa Jumatano.