Kibao cha Bwana Semkiwa

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wetu wa mkonge, Bwana Semkiwa, aliyejenga shule akapiga marufuku Kiswahili kusikika ndani yake. Asije mtu akakwambia habari hii kaisikia kwa fulani. Mimi nilikuwepo, juu ya paa la darasa, nikigongelea bati, na macho yangu yanajulikana mpaka ng'ambo ya mto.

Sheria yake ilikuwa hivi. Ndani ya ua ni Kiingereza tupu. Anayeponyokwa na neno la Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amnase mwenziwe, naye amvishe; ila aliyemvisha yeye harudishiwi siku hiyo. Kengele ya Ijumaa ikimkuta mtu na kibao, basi kwaheri: mwanafunzi arudi kwao, mfanyakazi atafute kazi kwingine.

Na yeye Bwana Semkiwa? Kiingereza chake alikiokota dukani alipokuwa akinunua vifaa vya shule. Desiki, choki, rula, blakibodi. Nje ya darasa hakuwa na hata neno la kuombea maji.

Mpishi alikuwa Mwajabu, mjane mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha vitunguu. Kazi ile ndiyo iliyowalisha wanawe. Kutwa alipika kimya, akijifunza maneno ya shule kupitia dirisha la jiko. Ijumaa moja mwalimu wa hesabu, kibao shingoni, akaingia jikoni akachovya kidole chake chenye vumbi la chaki kwenye mchuzi.

"Toa kidole hicho, we mchafu!"

Mwalimu akatabasamu, akavua kibao, akamvisha.

Kuanzia hapo watoto walimkimbia kama vifaranga waliomwona mwewe, na walimu wakawa mabubu. Saa zikayoyoma. Kengele ilikuwa karibu, na Bwana Semkiwa yuko mbele ya wazazi, darasani chini yangu, anahutubia.

"Edukesheni! Tekstibuku! Sertifiketi!"

Wazazi wakapiga makofi. Mwajabu akaingia na aproni yake, kibao kinaning'inia, akasimama mbele ya tajiri.

"Kuki!" tajiri akafoka, akionyesha mlango wa jikoni. "Kichini!"

"Yesi, kichini," akajibu Mwajabu. Hakusogea.

"Disiplini!"

"Disiplini, veri gudi."

"Hedimasta!" akanguruma tajiri, akijipiga kifua.

"Homuweki," akasema Mwajabu, kwa upole.

Wazazi wakatazamana, wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akamnong'oneza mkewe: "Unaona? Hapo wameingia kwenye mambo mazito."

Ndipo Mwajabu akapiga goti, akainamisha kichwa, mikono kaikunja kifuani.

"Shikamoo, mzee wangu."

Jamani, marahaba haipiti kichwani kuomba ruhusa. Inatoka kifuani yenyewe, hasa kwa mtu anayependa kupigiwa magoti mbele za watu.

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia tajiri, amefura kama andazi.

Kabla hajafunga mdomo, kibao kilikuwa shingoni mwake. Wazazi wakaangua kicheko hadi bati langu likatetemeka.

"Nini hiki? Mimi ndiye mwenye shule!"

"Hicho nacho Kiswahili, mzee."

"Wewe ndiye uliyeanza! Umesema shikamoo!"

"Nimesema, na kibao nilikuwa nimekivaa. Aliyelowa haogopi mvua. Wewe ulikuwa mkavu."

"Shikamoo si lugha! Ni adabu!"

"Hata mimi nilimwambia mwalimu wako atoe kidole kwenye mchuzi. Ile haikuwa adabu? Na nikavishwa."

Tajiri akageukia walimu. Walimu wakatazama juu, penye bati nisilolimaliza, wakanitazama mimi. Akageukia watoto. Watoto wakaziba midomo kwa mikono yote miwili. Akahangaika kumtafuta wa kumvisha, asimpate. Shule nzima aliifundisha mwenyewe kunyamaza.

Kengele ikalia. Shingo ya Mwajabu tupu.

"Umenitega, mwanamke!"

"Sikukutega, mzee. Nimekupa igzami, yaani mtihani. Nimejifunza hapa hapa kwako: anayeuliza huwa jibu analijua tangu zamani."

Haya yote ni kweli tupu, naapa kwa nyundo yangu. Ila kile kicheko cha wazazi nimekitia mimi. Hakuna aliyecheka. Walikuwa ndani ya ua, na hakuna aliyejua kucheka kwa Kiingereza.