Uso wa Mkurugenzi kwenye Kalenda ya Mgao

Mwanamkasi, msanifu wa matangazo aliyejiajiri na kompyuta yake moja, aliitwa na Mamlaka ya Maji kutengeneza kalenda ya mgao, ili kila mtaa ujue siku yake ya maji, wa kwake ukiwemo. Mkurugenzi, Bwana Mkwizu, aliitazama rasimu akanuna.

“Mimi niko wapi?”

“Pale juu, mzee, kando ya nembo.”

“Mdogo kuliko bomba! Nataka uso wangu ujae ukurasa mzima. Ukishindwa, wasanifu wamejaa mjini.”

“Na tarehe je, mzee?”

“Zipachike popote.”

“Hata usoni?”

“Nimesema popote,” akajibu, akaigonga rasimu mhuri ili asibishiwe tena.

Kesho yake Mwanamkasi alileta nakala ya majaribio ya mwezi uliokwisha, tarehe zikiwa zimetapakaa usoni mwa mkurugenzi. Akaibandika mapokezi, wanakopanga foleni wenye malalamiko, na kando yake akaning'iniza kalamu nyekundu kwa uzi. Saa nane mkurugenzi alirudi kutoka kula, akajiona ukutani.

“Nani kanitoboa macho?”

“Wateja wako, mzee. Niliwaomba wakate kwa kalamu kila siku waliyokosa maji. Pua ilikuwa wiki ya tatu, ndiyo maana haipo.”

Bwana Mkwizu aliibandua kalenda kwa mikono yake mwenyewe.

“Tarehe ziwe kubwa, asome hata asiye na miwani. Picha iwe ndogo kama stempu.”

“Sawa, mzee. Niirudishe pale pale kando ya nembo?”

“Pale pale. Ila weka ya naibu wangu.”