Mkeka wa Mwajabu

Hapo zamani, wala si zamani za majitu, maana mnara wa simu ulikuwa umeshasimama kilimani na taa yake nyekundu inawaka. Mwenye simu aizime kwanza. Habari yenyewe inazihusu simu.

Palikuwa na mji ukiitwa Mlimboga. Mji ule ulikuwa na tovuti yake, ukurasa mmoja tu, kazi ya fundi redio aitwaye Shebughe. Haukuwa na mbwembwe. Ulikuwa na tanzia, harusi, ng'ombe aliyepotea, mvua iliyonyesha. Aliye mjini alisoma, aliye mbali alisoma, hata mpita njia asiyejulikana na mtu alisoma. Haukuwa na hodi wala namba ya siri.

Msomaji wake mkubwa alikuwa Mwajabu. Mwajabu alifua mashuka ya hoteli ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku mbili kwa basi, na kule hakuwa na rafiki. Kila asubuhi alifungua ukurasa wa kwao kwenye simu yake kuukuu, akasoma nani kazaa, nani kafa. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake yote mpaka jua linazama.

Kisha ikaja programu ya simu, ya kutumiana ujumbe. Hidaya, mwalimu wa chekechea, akafungua kundi humo. Wakaingia kumi, wakaingia mia, wakaingia mia nne. Mwajabu naye akaitwa, kwa kupitia mama yake. Akajibu, "Simu yangu haina nafasi, na ukurasa wangu unanitosha." Akabaki nje.

Mama yake akafa. Namba ya Mwajabu aliijua mama peke yake, kwa kichwa. Nasoro, kaka mtu, akaandika msiba kwenye kundi. Mji ukaja, ukazika, ukakaa matanga siku tatu, ukakunja mkeka, ukaenda zake.

Ijumaa Mwajabu akampigia mama: hapatikani. Akafungua ukurasa: kimya. Akasema, "Hakuna tanzia, basi mama hajambo, ni chaji tu." Ijumaa ya pili, hapatikani, ukurasa kimya, "ni chaji tu." Ijumaa ya tatu moyo ukamshinda. Akapanda basi, na doti ya kanga ya mama mkobani.

"Hodi, mama!"

Akatoka kaka yake. Akamtazama, akaanza kulia.

Sasa, desturi ya Mlimboga ni hii: mfiwa haketi mkekani peke yake. Akikosa matanga kwa kukosa habari, yule aliyemkosesha habari atatandika mkeka upya, aketi naye siku tatu, ampikie uji, amsikilize akimlilia mtu wake. Lakini anayeketi amekiri, na mji humwita Mnyima Msiba hadi anaingia kaburini. Ndiyo maana mkeka ule watu huuogopa.

Mwajabu akautandika mwenyewe. Akawauliza waliofika, kaka, fundi na mwalimu, "Nani ataketi nami?"

Nasoro akasema, "Si mimi. Niliandika kabla mama hajaoshwa. Watu mia nne wakanipa pole. Nilipowaona mia nne nikajua na wewe umo, penye wengi hapaharibiki neno. Hukuja, nikasema dada ametutupa. Na mimi niliumia!"

Shebughe akasema, "Si mimi. Miaka minane watu waliniletea tanzia mlangoni. Kundi lilipoanza, hakuleta mtu. Mwezi wa kwanza niliwafuata kuwauliza. Mwezi wa pili niliwafuata. Mwezi wa tatu nikachoka. Mtu akisema peke yake kila siku, mwanangu, huanza kuiogopa sauti yake. Hata hivyo ukurasa sikuufunga. Niliuacha wazi."

"Bora ungeufunga, baba," Mwajabu akamwambia. "Ningejua kwamba sijui."

Hidaya akasema, "Si mimi. Kundi lilikuwa wazi mwanzoni. Akaingia mtu tusiyemjua, akachukua picha ya marehemu wa watu, akaisambaza kwa kicheko. Ndipo nikafunga mlango, haingii mtu ila tunayemjua. Niliwalinda wafiwa. Na wewe dada nilikuita, ukakataa. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mwajabu akainamisha kichwa. "Kweli niliitwa. Lakini sikuambiwa kwamba nisipoingia, mama yangu atazikwa bila mimi."

Kisha Hidaya akasema, "Tuwaulize watu kwenye kundi." Wakauliza. Mia nne wakajibu: huyu akasema fundi, huyu mwalimu, huyu kaka, na wengine wakasema ni kiburi cha Mwajabu mwenyewe. Simu zikalia Mlimboga nzima siku ya kwanza, zikalia siku ya pili, zikalia siku ya tatu. Mwajabu alizisikia zote. Hakuweza kusoma hata neno moja, na hapana aliyemjia kumsomea.

Alimlilia mama yake peke yake, uji akapika mwenyewe. Mimi sijawahi kusikia upweke kama ule, mtu anajadiliwa na mji mzima na mkekani hana hata mtoto wa jirani.

Haya, nyie mlionisikiliza, mimi nimeshindwa. Kaka aliyehesabu mia nne akamsahau mmoja? Fundi aliyeacha mlango wazi na nyumba tupu? Mwalimu aliyefunga mlango kwa huruma? Mwajabu aliyeitwa akakataa? Au wale mia nne, ambao kila mmoja alingoja mwenzake aende?

Je, nani alistahili kuketi naye?